Nguzo ya Mama Upul

Kila mwezi mpevu wa sikukuu ya Poson unapokaribia, nusu ya kisiwa chetu huvaa nyeupe na kuelekea mji wa kale wa Anuradhapura kuuzuru Mti Mtakatifu, na katika kila basi ugomvi ni ule ule: tutalala wapi? Wenye ndugu mjini huwakumbuka ghafla, ingawa hawakuwajulia hali tangu Poson iliyopita. Wenye uwezo hukodi vyumba vyenye feni, kisha huona haya kusema. Sisi wengine tunabeba mikeka, masufuria na bibi zetu, tukalala popote penye paa. Anayechelewa hulala chini ya mti, na akiamka hukuta nyani wamekwisha kula maua aliyonunua kwa ajili ya hekalu.

Podinona, bibi wa kijijini kwetu, hakuwa na ugomvi huo. Mahali pake palijulikana: bweni kuukuu la mahujaji lililo kando ya barabara ya stesheni, nguzo ya tatu kutoka mlangoni. Hapo alitandika mkeka wake, mgongo kwenye nguzo na uso mlangoni, na asingesogea hata paa livuje juu ya kichwa chake, na mwaka mmoja kweli lilivuja. Wageni walimwona kikongwe mbishi. Waliomjua walisogeza mikeka yao wakamwachia nafasi.

Alizaliwa pwani ya kusini, kwenye kijiji ambacho wanawake hufukia makumbi ya nazi matopeni mpaka yaoze, kisha huyafukua, wakayaponda kwa rungu na kuusokota usumba kuwa kamba. Ni kazi yenye uvundo. Aliyeizoea hausikii, asiyeizoea hali chakula kijijini kwetu siku ya kwanza. Podinona alianza kusokota kabla hajaota meno ya pili, na viganja vyake vilikuwa vigumu hivi kwamba binti yake Ramya, alipokuwa mdogo, alisema mama akikuogesha huna haja ya dodoki.

Aliolewa na mgema aitwaye Sediris. Wagema wa kwetu hawashuki kila mnazi. Hutembea juu kwa juu, mnazi hadi mnazi, wakikanyaga kamba moja na kushika nyingine, na kamba za Sediris zilisokotwa na mkewe. Watu walimtania, "Sediris, siku ukigombana na mkeo usipande." Naye alijibu, "Kwa nini unadhani sigombani?" Kijiji kizima kilitarajia kwamba ataanguka. Akafa kitandani, kwa ini, na tuseme kweli, wapo walioona wamepunjwa.

Siku ya saba ya msiba wake watawa wa hekalu la kijiji walikuja mstari mmoja na miavuli yao, wakaoshwa miguu mlangoni, wakaketi juu ya kitambaa cheupe, wakala. Baada ya kula, mtawa mkuu alisema maneno yale ambayo kila mtoto wa kwetu ameyasikia. Kwamba wafu wasiokumbukwa hurudi nyumbani kwao lakini hawaingii. Husimama nje ya kuta, malangoni na kwenye njia panda, wakingoja. Huko waliko hakuna kulima, hakuna kuuza wala kununua. Chakula chao ni kile tu kinachotolewa huku kwa jina lao. Ndipo Podinona na watoto wake wawili walipoketi chini, wakashika birika moja kwa mikono yao yote, wakamimina maji katika kikombe mpaka kikafurika bakulini, huku watawa wakiimba na kumtaja Sediris. Podinona alilia, akapangusa uso, akaridhika. "Baba yenu ameshiba," aliwaambia, "na leo kashiba wali, siyo tembo."

Upul, mwanawe wa kwanza, alirithi kila kitu cha babake isipokuwa moyo wa kupanda. Juu ya mnazi alitetemeka mpaka makuti yakalia. Kwa hiyo wanaume wa jeshi walipopita wakiandikisha vijana, alikwenda. Watu walishangaa: mtu anaogopa mnazi haogopi vita? Upul alisema vita viko chini, ardhini, na ardhini yeye hana wasiwasi. Mshahara wake wa kwanza ulisakafia nyumba ya mama yake kwa saruji.

Mwaka wa pili wa kazi yake alipata ruhusa fupi wakati wa Poson. Treni ya kaskazini, ilikokuwa kambi yake, hupita Anuradhapura, naye alijua mama yake yuko huko na basi la kijiji. Ila hakujua yuko bweni gani. Alizunguka bweni hadi bweni tangu jua lilipozama, na alipompata, kwenye ile nguzo ya tatu, kulikuwa kunapambazuka.

"Mama, wewe unataka kuniua kabla ya vita," alisema akijibwaga mkekani. "Nyote mmevaa nyeupe. Kila bibi kizee mjini humu ukimwona kwa nyuma ni mama yangu. Nimewaamsha watu mpaka mmoja akanipiga na kandambili."

"Alifanya vizuri. Askari gani hamtambui mama yake?"

"Nipe chakula kwanza, matusi baadaye."

Akampa kifurushi cha wali kilichofungwa jani la mgomba, na mchuzi wa fenesi changa alioupika kwa saa nyingi mpaka ukawa mweusi kama nyama. Upul alikula akalamba jani. Kisha akalaza kichwa mapajani mwa mama yake, buti zikiwa bado miguuni, akasema huku amefumba macho: "Mwakani kaa hapa hapa. Nguzo hii. Usihame, sikia, nisije nikakutafuta tena." Alilala mpaka treni yake ilipokaribia, akaamka, akaondoka.

Mwakani Podinona alikaa hapo hapo.

Lakini Upul hakuja. Kambi yake ilikuwa imevamiwa miezi michache kabla, na wanaume wawili wenye sare walikuwa wamefika kijijini wakavua kofia mlangoni. Hawakuwa na jeneza. Walisema hajulikani alipo. Akina mama wengine wa pwani ile waliletewa majeneza yaliyopigwa misumari, wakakatazwa kuyafungua, na Podinona hakujua kama awahurumie au awaonee wivu. Yeye hakuletewa kitu, na katika kutoletewa kitu akapata pa kushika: hajulikani alipo maana yake yupo mahali, ila hapajulikani.

Siku ya saba ikapita, mwezi wa tatu ukapita, na sadaka haikutolewa. Mtawa mkuu alikuja mwenyewe, taratibu, akaketi, akakataa hata chai.

"Mtukufu, najua ulichojia," Podinona alisema, amepiga magoti mbele yake. "Sadaka ya wafu hupewa wafu. Nikiketi hapo nikamtaja mwanangu juu ya maji yale, nimemuua kwa mkono wangu. Wao huko kaskazini hawajasema amekufa. Mimi mama yake ndiye niseme?"

Mtawa hakubishana naye. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na yeye hakuwahi kuwa mzazi. Alifungua mwavuli wake akaenda zake, na tangu siku hiyo hakuna mtu kijijini aliyeligusa jambo hilo tena, isipokuwa Ramya.

Nataka niseme neno juu ya Ramya, maana watu humsahau, na mama yake alikuwa wa kwanza kumsahau. Alikuwa binti alipompoteza kaka yake. Kila aliyeingia nyumbani mle aliuliza, "Mama anaendeleaje?" Hakuna aliyeuliza anaendeleaje yeye. Alijifunza cherehani, akaolewa nyumba ya jirani, akazaa, na kila mwaka alipika fenesi changa pamoja na mama yake, akalifunga katika jani la mgomba, akajua litakakoishia. Kwa sababu Podinona hakumpa mtu kifurushi kile. Alikaa nacho kwenye nguzo mpaka asubuhi ya safari ya kurudi, wali ukachacha, kisha akautupa nyuma ya bweni, kunguru wakala. Hakusema kitu alipoutupa. Mwaka mmoja Ramya alimwomba, "Mama, angalau sema basi jina lake," akapigwa kofi mbele ya basi zima.

Vita vikaisha. Watu walipiga fataki, wakagawa wali wa nazi barabarani, na Podinona akaenda sokoni kununua shati jipya la kiume. Ilisemekana mateka watatoka porini. Barabara ya kaskazini ilifunguliwa, na watu walitoka kweli, wengi, wamekonda, lakini hakuna aliyekuwa wake. Shati lile aliliweka kwenye mfuko wa safari, na kila Poson lilikwenda Anuradhapura na kurudi. Alilikisia kwa mwili wa kijana wa miaka ishirini na mitatu. Hakufikiri kwamba kama yupo, atakuwa na kitambi sasa.

Kisha mwaka huo ninaousimulia, kifua kikamshika. Magoti yalikuwa yameharibika zamani. Daktari wa zahanati alimwambia Ramya kwamba bibi huyu akilala tena juu ya saruji baridi atamzika, na Ramya, ambaye maisha yake yote hakuwahi kumwamulia mama yake hata rangi ya uzi, akapiga simu akakodi chumba. Hakumwambia mpaka basi lilipoingia mjini.

"Gesti?" Podinona aliuliza, kama mtu aliyeambiwa atalala mahabusu. "Mimi mjane, na nguo zangu nyeupe, siku ya Poson, niingie gesti?"

"Si gesti za namna hiyo, Mama. Ni nyumba ya mtu na familia yake. Kuna kitanda, kuna feni, choo kiko ndani."

"Choo ndani, karibu na chakula. Hao watu hawana haya."

"Mama, daktari alisema."

"Daktari ni mtoto. Juzi tu alikuwa anaiba mapera kwangu."

"Basi na mimi naomba," Ramya alisema, na sauti yake ilikuwa imechoka. "Mwaka huu mmoja. Usiku mmoja. Ni hatua chache tu kutoka bwenini."

"Na Upul akija?"

Ramya alitazama nje ya dirisha la basi. Kando ya barabara vijana walikuwa wakisimamisha magari kwa bendera, wakiwashusha watu kwa nguvu wakale mihogo na wanywe chai ya bure, kama ilivyo desturi ya siku ile, maana kila kijiji hushindana kulisha wapita njia. "Tutamwachia maagizo Mzee Mudiyanse," alisema mwishowe. "Si anatujua? Akija, atamleta."

Mzee Mudiyanse ndiye mtunzaji wa bweni. Hakuwahi kulijua jina la Podinona. Tangu mwaka ule wa kwanza alipoulizwa, "Hajapita hapa kijana askari anaitwa Upul?" alimwita Mama Upul, na akawa anajibu swali lile kila Poson kwa upole ule ule: bado, Mama Upul, bado.

Walimkuta kwenye geti. Hapo awali bweni halikuwa na geti. Halikuwa na mlango wa maana hata. Ng'ombe waliingia wakitaka. Sasa lilikuwa limezungushiwa ukuta mpya, mrefu kuliko mtu, umepakwa chokaa, na juu ya chokaa ile, kuanzia chini hadi juu, yaliandikwa majina. Hivyo ndivyo tunavyojenga vitu vya hekalu: kila mfadhili hulipia kipande, na kipande huandikwa jina la baba yake, au la mama yake, au la mtoto, aliyefariki, ili thawabu imfikie. Ukuta mzima ulikuwa wa wafu waliokumbukwa.

"Karibu, Mama Upul," alisema Mudiyanse. "Umekonda wewe. Unaonaje ukuta wetu?"

"Wa nini huu?"

"Wezi. Mwaka jana waliiba simu za basi zima, na viatu, na bibi mmoja aliibiwa meno yake ya bandia, sijui wanamuuzia nani. Kamati ikasema basi. Sasa taa zikishawashwa, geti linafungwa. Aliye ndani yuko ndani, aliye nje atafute pengine."

"Mpaka lini?"

"Mpaka asubuhi."

Podinona alitua mfuko wake chini. "Mudiyanse, huwezi kufunga geti."

"Si mimi, mama yangu. Ni kamati."

"Unajua yeye hufika usiku. Treni zenyewe unazijua. Alikuja alfajiri ile, aliingia kwa sababu mlango ulikuwa wazi." Alikuwa ameanza kukohoa, akamsukuma Ramya aliyetaka kumshika. "Amechoka, ana njaa, ametoka mbali, atakuta pamefungwa. Hataita, namjua, hapendi kusumbua watu. Atasimama tu hapo. Mwanangu atasimama nje ya ukuta."

Podinona alipolisema hilo, Mudiyanse aliinamisha kichwa. Mahujaji wawili waliokuwa wakipita na ndoo za maji walisimama, kisha wakaondoka haraka bila kutazama nyuma. Ramya alijiziba mdomo kwa mkono. Podinona aliwaangalia mmoja mmoja, asielewe wana nini, na kisha akayasikia maneno yake mwenyewe. Tangu alipozaliwa alikuwa ameyasikia maneno hayo kwenye misiba tu. Hakuna mtu wa kwetu anayeyasema juu ya aliye hai.

Hakuanguka, wala hakupiga kelele. Alikwenda mpaka ukutani akaweka kiganja juu ya majina, akakipitisha polepole kama mtu anayetafuta swichi gizani. Kisha akakaa chini, pale nje, vumbini, na nguo zake nyeupe, mgongo ukutani.

Ramya akakaa kando yake. Walikaa hapo alasiri yote. Ng'ambo ya barabara kulikuwa na banda la sadaka, na vijana wake walikuja zaidi ya mara moja na sahani za wali na dengu wakiwasihi, "Kuleni, mama, kuleni, leo hakuna anayelala na njaa mji huu." Ramya akawa anawarudisha kwa mkono.

"Ramya," Podinona alisema baadaye.

"Naam, Mama."

"Ana njaa tangu lini?"

Ramya alikuwa amengoja miaka yote mama yake aseme neno la namna hiyo, akafikiri likija atapumua, na sasa lilikuwa limekuja naye alitamani kulirudisha kinywani mwa mama.

"Mimi nilikuwa ndani," Podinona alisema. "Nimekaa namngoja. Nimemshikia chakula mkononi. Naye yuko hapa nje ananingoja mimi nimwite. Kila mwaka anakuja, kama alivyoahidi, anaona chakula chake kinatupiwa kunguru na mimi nimefunga mdomo. Mtoto hakuvunja ahadi, Ramya. Ni mimi."

"Hatujui, Mama. Labda..."

"Usinidanganye. Umenivumilia kwa ukweli miaka yote hii, usianze uongo leo." Akamtazama binti yake, na pengine ilikuwa mara ya kwanza kumtazama hivyo tangu siku ya wanaume wenye sare. Aliona mvi karibu na sikio. "Na wewe nilikupiga kofi," alisema.

"Halikuuma."

"Viganja hivi? Liliuma."

Taa zilipokaribia kuwashwa Mudiyanse alikuja kwenye geti na ufunguo, akasimama, hajui la kufanya. "Mama Upul, nguzo yako nimekuwekea. Sikumruhusu mtu. Ingia kwanza, nitaacha geti wazi, kamati waje wanifukuze mimi."

Podinona aliinuka kwa kumshika Ramya bega. "Funga," alisema. "Wape watu wengine ile nguzo." Kisha akamgeukia binti yake. "Hiyo gesti yako ina jiko?"

Jiko lilikuwepo. Mwenye nyumba, mwanamke mnene mwenye maneno mengi, alipoambiwa ni la nini, aliyameza maneno yake yote, akaenda mwenyewe kwa jirani kutafuta fenesi changa. Podinona alilala juu ya kitanda chenye godoro, chini ya feni, na Ramya aliyelala upande wa pili alijua kwamba hakulala. Kulipopambazuka walikuwa wote wawili jikoni. Waliupika mchuzi bila haraka mpaka ukawa mweusi, na Podinona akauonja, akaongeza chumvi, akaonja tena. Hakuwahi kuupika kwa uangalifu hivyo hata siku Upul alipokuwa hai. Nimeandika "alipokuwa hai" bila kufikiri; yeye ilimchukua miaka na miaka kufika hapo.

Nyuma ya bweni kuna nyumba ndogo ya watawa, na ndiko walikopeleka chakula kabla ya adhuhuri, wakiwa wamekibeba vichwani, na mwenye gesti nyuma yao na matunda. Podinona aliwaosha watawa miguu mwenyewe, magoti yale mabovu juu ya jiwe. Aliwapakulia mwenyewe. Chini ya sahani ya mtawa mzee kulikuwa na lile shati, limekunjwa, ili apewe maskini yeyote ambaye lingemkaa.

"Mtukufu," aliuliza walipomaliza kula, "na kama yu hai?"

Mtawa mzee alipangusa mikono. "Kama hayupo huko, watakula wengine," alisema. "Kila mtu ana wa kwake huko, mama. Chakula hakipotei."

"Mimi nimepoteza kingi."

"Leo umekileta."

Akawaambia waketi, wakaletewa birika, kikombe na bakuli. Mikono ya Ramya ilishika birika, na mikono ya mama yake ikaifunika, migumu kama zamani. Mtawa akauliza marehemu anaitwa nani. Neno lile, marehemu, lilikaa pale chumbani, na Podinona alifungua kinywa kikatoka kikohozi. Ramya akaona amsaidie. "Mtukufu, anaitwa..."

"Acha," mama yake alisema. "Nilimpa mimi jina, nitalisema mimi."

Akalisema. Alilisema lote, jina la ukoo, la baba na lake mwenyewe, kama linavyosemwa siku ya kwanza mtoto anapopelekwa hekaluni, na maji yakaanza kuteremka. Kikombe kilijaa upesi. Mtawa alipokwisha kuimba na maji yamefurika bakulini, Ramya alitaka kuinua birika, lakini mikono iliyomshika haikumwachia. Podinona alimimina mpaka tone la mwisho, akatikisa birika kuhakikisha, halafu akalia kwa sauti ambayo watu walioko kwenye ua wa Mti Mtakatifu, wanasema, waliisikia. Alikuwa amechelewa kulia kwa miaka mingi, na Ramya alilia naye, kwa ajili ya kaka yake, waziwazi, na safari hii mama alimshika.

Jioni basi la kijiji lilipakia watu. Walipita mbele ya bweni, na kwa kuwa geti lilikuwa wazi, Podinona aliona ndani. Kwenye nguzo ya tatu familia ya watu wa milimani ilikuwa imetandika mkeka, na mtoto wao mchanga alikuwa amelala mahali hasa ambapo yeye alikuwa akiweka mfuko wake. Mudiyanse alipunga mkono kutoka kivulini. Alifungua kinywa kusema jambo, pengine lile "bado" lake la kila mwaka, akakifunga.

Basi lilipotoka mjini watu walianza kuimba, kisha wakachoka, wakalala wameegemeana. Mfuko wa Podinona ulikuwa mwepesi mapajani mwake. Hakukuwa na shati, hakukuwa na kifurushi.

"Ramya, umelala?"

"Bado, Mama."

"Mwakani tulale wapi?"

"Popote utakapo," alisema. "Bwenini, gesti, hata kwa wale ndugu wa mume wangu. Popote tu, Mama."

"Popote," Podinona alirudia.

Aligeuza uso dirishani ili binti yake asione. Miaka yote ile alikuwa na mahali pamoja tu pa kulala Anuradhapura. Sasa angeweza kulala kokote mjini mle, maana hakukuwa tena na mtu wa kumtafuta.